Jina Lililosalia Sufuriani

Katika nyumba za Polandi, na hususan zile ambazo mabibi zao walizaliwa mashariki ya mto San, iko harufu moja ambayo mtoto huitambua angali ngazini, kabla hajaufungua mlango, nayo ni harufu ya kitunguu kinachokaangwa polepole hadi kikapata rangi ya asali. Na akiisha kuinusa hana haja ya kuuliza kinachopikwa, maana vyakula vinavyoanza kwa kitunguu ni vingi mno, lakini kile kinachoanza kwa kitunguu na kumalizika kwa kitunguu, nusu ikiwa imefichwa ndani na nusu imemwagwa juu, ni kimoja tu. Huitwa pierogi ruskie. Ni vifuko vya unga wa ngano vilivyokunjwa mfano wa nusu mwezi, vikajazwa viazi vilivyopondwa pamoja na jibini jeupe la maziwa ya mgando, vikatokoswa katika maji ya chumvi na kuletwa mezani vimelowa siagi. Havina nyama, wala havina kiungo ila chumvi na pilipili manga, na gharama yake ni gharama ya vitu ambavyo mkulima fukara havikosi nyumbani kwake. Mtu wa pwani atakayeviona mara ya kwanza atasema ni sambusa zilizonyimwa mafuta, na kwa umbo hatakuwa amekosea sana.

Neno pierogi lina nasaba njema, kwani wajuzi wa lugha za Kislavi hulirudisha kwenye neno la kale lenye maana ya karamu. Taabu iko katika neno la pili. Mgeni akisoma ruskie hudhani kwamba ni za Kirusi, na Wapolandi wenyewe si haba wanaodhani vivyo hivyo, ilhali katika lugha yao ya kitabuni kitu cha Urusi kina neno lake jingine, na ruskie, kwa asili yake, ni ya Rus. Na Rus inayokusudiwa hapa ni ile iliyoitwa Rus Nyekundu, nchi ya Lwów, Przemyśl na Halicz, ambayo leo imegawanyika baina ya Polandi na Ukraini. Sisi tusiwacheke kwa kukosea. Kiazi hicho hicho tunakiita kiazi ulaya, na Ulaya yenyewe ilikipokea kutoka milima ya Peru; na pilipili inayotiwa ndani yake tunaiita manga, kwa sababu mikono iliyotuletea ilikuwa ya watu wa Manga, ingawa mmea wake ni wa Malabar. Aghalabu jina la chakula hutaja mlango kilioingilia, na mwenye kutaka kujua kilikozaliwa hana budi kuuliza zaidi.

Pierogi ni za kale kuliko kiazi. Masimulizi ya watawa yasema kwamba Mtakatifu Jacek, mtu wa utawa wa Mtakatifu Dominiko aliyefariki mwaka 1257, ndiye aliyezileta kutoka Kiev alikokwenda kuhubiri. Na masimulizi mengine yasema kwamba mvua ya mawe ilipoangamiza mashamba ya Kościelec aliomba, mimea ikainuka tena, na wanakijiji wakampikia pierogi kwa shukrani. Mimi sioni haja ya kuzipima hadithi hizi kwa mizani ya mahakama. Yatosha kwamba Mpolandi wa zamani aliyepatwa na mshangao alimtaja mtakatifu huyo pamoja na pierogi zake, pale ambapo sisi tungesema Yarabi. Mwaka 1682 Stanisław Czerniecki, mpishi wa nyumba ya mamwinyi wa Lubomirski, alichapisha mjini Kraków kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mapishi kwa Kipolandi, na humo utakuta zafarani, sukari, siki na nyama za mwituni za kila namna. Kiazi hakimo, kwa kuwa hakuna mwinyi wala mtwana aliyekuwa akikila. Pierogi za zama hizo zilijazwa nafaka, jibini, uyoga au kabichi iliyochachushwa, na hizo za kabichi na uyoga ndizo hadi leo zinazoliwa usiku wa kuamkia Krismasi, ambao kwa ada ya Wapolandi ni usiku wa kujizuia na nyama.

Mapokeo yanayopendwa sana yasema kwamba kiazi kiliingia nchini mwaka mmoja baada ya kitabu kile, yaani 1683, pale Mfalme Jan Sobieski alipouvunja mzingiro wa Waturuki huko Vienna na, miongoni mwa tunu alizompelekea Malkia Maria Kazimiera, akatia mbegu ya mmea huo, ikapandwa katika bustani ya kasri la Wilanów karibu na Warsaw. Iwapo ndivyo, kilikaa miaka mingi kikiwa ajabu la bustani za wakubwa, na wakulima wakikitilia shaka kama kila kitu kinachoshuka kwao kutoka kasrini. Ni katika enzi ya August wa Tatu, baina ya 1733 na 1763, ndipo walowezi waliotoka nchi za Wajerumani walipokilima mashambani mbele ya macho ya jirani zao. Na karne ya kumi na tisa ikakifanya bwana wa chungu cha masikini, na papo hapo bwana wa mitambo ya pombe kali ya wenye ardhi. Kila jimbo likakibandika jina lake: huko Poznań ni pyry, kwa watu wa milimani ni grule, na kwa walio wengi ni ziemniaki, yaani vitu vya ardhini.

Sasa nirudi kwenye Rus Nyekundu, kwani kiazi peke yake hakitoshi kulieleza jina letu. Nchi hiyo ilitiwa katika milki ya Polandi na Mfalme Kazimierz Mkuu katikati ya karne ya kumi na nne, na tangu 1434 hadi 1772 ilikuwa jimbo lenye kiti chake Lwów, likiandikwa katika daftari za ufalme kwa neno lile lile, herufi kwa herufi, linaloandikwa leo ukutani katika mikahawa: jimbo la ruskie. Vijijini mwake walikaa zaidi Waruteni, ambao wajukuu wao ndio Waukraini wa magharibi. Mjini Lwów walichanganyika Wapolandi, Wayahudi na Waarmenia, na hao Waarmenia, waliojijengea kanisa lao kuu hapo tangu karne hiyo ya kumi na nne, walikuwa mashuhuri kwa biashara ya hariri na viungo vya mashariki. Mtu akiuliza ni mama wa kabila gani aliyekuwa wa kwanza kuvichanganya kiazi na jibini, ataanzisha ugomvi usio na kadhi. Waukraini wana chakula kile kile, wengi wao wakikiita vareniki, kwa kitenzi chenye maana ya kutokosa, na wale wa nchi ya Lwów wakikiita pirohi. Watu hao waliishi ua kwa ua, wakaoana, wakaazimana moto na ungo, na kisha, katika miaka mibaya, wakauana, na katika hali zote hizo mbili chakula chao kilikuwa kimoja.

Mwaka 1772 majirani watatu, Urusi, Prussia na Austria, walianza kuigawana Polandi, na ilipofika 1795 hakikubaki hata kipande cha kuitwa kwa jina hilo. Rus Nyekundu iliiangukia Austria, ikapewa jina jipya la Galicia, na jimbo la ruskie likafutwa katika daftari. Sufuria hazikupewa taarifa. Galicia ikawa nchi ya dhiki kiasi cha kutiwa katika misemo. Wakulima wake walifanyishwa shokoa katika mashamba ya mamwinyi hadi 1848. Katika miaka hiyo hiyo ya 1840 baa la viazi lililokumba Ulaya halikuwaacha, likafuatwa na njaa na homa. Na mwaka 1888 Stanisław Szczepanowski, mtu aliyejulikana kwa visima vya mafuta ya petroli, alitoa kitabu kilichouhesabu umasikini wa Galicia kwa tarakimu, na watu hawajakisahau. Ni katika ufukara huo ndipo mapishi haya yanapoeleweka. Jibini lilikuwa tamu na haba kwa mwenye ng'ombe mmoja, ambaye sehemu ya maziwa hana budi kuiuza. Kiazi kilikuwa tele na chenye kuchosha ulimi. Na mama aliyechukua sehemu mbili za kiazi na sehemu moja ya jibini alikiongeza hiki na kukipamba kile, kisha akavifunga vyote katika unga ili mtoto ahesabu vifuko na kuridhika kwamba amekula vingi. Hii ndiyo hekima ya jikoni ninayoiheshimu kuliko zafarani yote ya Czerniecki.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Lwów ikarudi kuwa mji wa Polandi kwa miaka ishirini. Kisha, mwaka 1945, mipaka ya nchi nzima ilivutwa kuelekea magharibi, kama jamvi linavyovutwa na watu wakaao juu yake. Lwów ikabaki katika Muungano wa Kisovieti. Breslau ya Wajerumani ikawa Wrocław na Stettin ikawa Szczecin. Na Wapolandi zaidi ya milioni moja wakahamishwa kutoka mashariki kwa magari moshi ya mizigo, safari iliyochukua wiki, mara nyingine na ng'ombe ndani ya behewa lile lile la watoto. Waukraini nao walipelekwa upande wa pili kwa mamia ya maelfu, na mwaka 1947 waliosalia kusini mashariki mwa Polandi, takriban 140,000, wakatawanywa na jeshi katika majimbo ya kaskazini na magharibi. Miongoni mwa vitu vilivyosafiri kutoka Lwów hadi Wrocław mwaka 1946 ilikuwamo picha ya vita vya Racławice, turubai yenye urefu wa mita 114 na kimo cha mita 15, iliyofunguliwa Lwów mwaka 1894 kuwakumbusha watu ushindi wa Wapolandi juu ya jeshi la Urusi miaka mia moja kabla. Wakubwa wa zama mpya waliogopa kuwaudhi walinzi wao wa Moscow, na picha hiyo adhimu ikakaa imekunjwa mpaka 1985 ndipo watu wakaruhusiwa kuitazama. Pierogi zilikuja kwa reli ile ile, na hazikungoja kibali cha mtu. Mama aliyepewa nyumba ya Mjerumani aliyefukuzwa, akasimama mbele ya meko ngeni na vyungu vya mtu asiyemjua, alihitaji unga, viazi, maziwa na kitunguu. Majirani zake wapya, waliotoka Poznań na Warsaw, walikuwa wakizijua pierogi za kabichi na za matunda. Hizi za kiazi na jibini ilibidi ziwe na jina la kuzitofautisha, zikaitwa kwa nchi ya wazipikao. Kwao huko mashariki zilikuwa pierogi, basi.

Serikali ya Kikomunisti, bila kukusudia, ikazifanya kuwa mali ya taifa zima, na chombo chake kilikuwa mkahawa wa maziwa. Mkahawa wa kwanza wa namna hii ulifunguliwa Warsaw mwaka 1896 na Stanisław Dłużewski, mwenye ardhi na ng'ombe, aliyetaka kuuza maziwa, mayai na vyakula vya unga kwa bei nafuu. Baada ya vita serikali iliutwaa mfano huo na kuueneza katika miji yote, ili mfanyakazi, mwanafunzi na kikongwe wapate maakuli ya moto kwa senti chache. Nyama ilikuwa adimu, hata ikawa ya kugawiwa kwa kadi tangu 1981 hadi 1989, na chakula kisichotaka nyama kilipata jaha kisiyoitafuta. Adabu za mikahawa hiyo hazikuwa za kasrini: katika filamu ya Miś ya mwaka 1981 mwongozaji Stanisław Bareja alionyesha mkahawa wa maziwa ambamo bakuli zimepigwa skrubu mezani na vijiko vimefungwa kwa minyororo, watu wakacheka kwa kuwa waliona mzaha haukwenda mbali sana na kweli. Lakini muulize leo Mpolandi wa umri wangu chakula gani kinamliwaza akiwa mgonjwa au akiwa ugenini, na katika majibu yake sahani hiyo ya bati ya mkahawani itakaa bega kwa bega na ile ya bibi yake.

Februari 2022, majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraini, mikahawa kadhaa ya Polandi ilifuta neno ruskie ukutani na kuandika pierogi za Kiukraini. Nia ilikuwa njema, na huruma kwa jirani aliyeonewa ni jambo ambalo sitalibeza. Hata hivyo sikuweza kujizuia na kicheko kidogo cha majonzi, maana waliolifuta jina kwa ghadhabu juu ya Urusi walikuwa wakiifuta Rus, nchi ile ile ambayo watu wake walikuwa wakipigwa mabomu siku hizo. Austria iliifuta katika daftari, mkutano wa Yalta wa 1945 ukaifuta katika ramani, na maskani yake ya mwisho yalikuwa ni ubao wa bei.

Nimeiacha kusudi hadi hapa njia nyingine iliyopitwa na chakula hiki, kwa sababu inatufikia mlangoni. Kabla ya magari moshi ya 1945 yalikuwako mengine ya 1940 na 1941, yaliyowachukua Wapolandi wa mashariki, wakigongewa milango usiku na askari wa Kisovieti, hadi Siberia na Kazakhstan. Julai 1941, Ujerumani ilipokwisha kumgeukia Stalin, Jenerali Sikorski, waziri mkuu wa serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni, alitia sahihi mkataba na Maisky, balozi wa Kisovieti, milango ikafunguliwa kidogo; na mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na raia, walivushwa kwenda Uajemi, wengi wao kwa Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlavi. Kutoka huko takriban 18,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika kwa meli. Walipewa kambi Masindi na Koja katika Uganda, na Ifunda, Kidugala na Kondoa katika Tanganyika, na nyingine hadi Rhodesia. Ila iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, chini ya Mlima Meru, ambako watu karibu 5,000 walikaa katika vibanda vya duara vilivyopakwa chokaa, wakawa na shule zao, kanisa lao na mashamba yao. Vita vilipokwisha wengi hawakutaka kurudi, kwani makwao hakukuwa tena Polandi. Kambi ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakasambaa Uingereza, Kanada na Australia, na karibu 150 wamelala Tengeru katika makaburi ambayo yangali yakitunzwa. Iliwezekana basi, katika aila moja ya Stanisławów, mji wa ile Rus Nyekundu, dada mmoja kuishia Wrocław na mwingine Arusha, na kile walichofundishwa na mama yao kukifanya kwa unga na kiazi kilikuwa kimoja. Miteremko ya Meru haikosi viazi, wala vitunguu, wala maziwa.

Naam, havikosi, na ndiyo maana mimi huzipika pierogi hizi nyumbani bila kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Lita mbili za maziwa yasiyochemshwa huziacha katika bakuli siku mbili zigande zenyewe, nikayapasha kwa moto mdogo hadi maji yajitenge, kisha nikayamimina katika kitambaa cha melimeli na kuyaning'iniza usiku kucha; kinachobaki kitambaani ndicho Wapolandi wanachokiita twaróg. Viazi huvitokosa jana yake, kwani kiazi cha moto hutoa mvuke na kuulowesha unga. Unga wa ngano huukanda kwa maji ya moto yasiyochemka na mafuta kijiko kimoja, nikaufunika nusu saa upumzike, halafu nikausukuma mwembamba kuliko chapati na kuukata miduara kwa mdomo wa bilauri. Hapo ndipo mwanagenzi anapoharibu. Akijaza kwa tamaa, au akiacha tone la mafuta liguse kingo, kifuko hakishikani, na dakika mbili baadaye atakuwa na sufuria ya uji. Zikielea juu ya maji huzihesabia dakika mbili tatu na kuziopoa kwa kijiko cha matundu. Kwao wengi humwagia juu vitunguu na shahamu ya nguruwe iliyoyeyushwa. Kwangu ni samli, na sijaona kwamba pierogi zimelalamika.

Hizo ni za siku ya kwanza. Zilizobaki zikalala, ngozi yake ikakauka kidogo, hukaangwa asubuhi katika kikaango hadi ziwe na ganda la hudhurungi, na mafundi wa Lwów wa kale na wa Wrocław wa leo wamekubaliana kwamba hizi za pili ndizo bora. Habari hiyo wenzangu nyumbani wamekwisha kuijua, na siku hizi imenibidi nizihesabu kabla ya kwenda kulala.